Nzuri, Ila

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla vumbi la Nkuhungu halijaamka,
simu elfu mbili zinauliza swali moja:
zabibu leo kilo bei gani?
Mpunguzi wanauliza. Mbabala wanauliza. Hombolo wanauliza,
na aliyeuliza sasa hivi anauliza tena
kwa kuwa jirani kamwambia siyo hiyo.

Na mimi, mjinga niliyesomeshwa kwa zabibu hizohizo,
kila swali nililituma mpaka kwenye hifadhidata.
Inaamka, inafungua jedwali, inapekua safu hadi safu,
inarudi na tarakimu ileile iliyoitoa nusu sekunde iliyopita.
Elfu moja na mia mbili.
Elfu moja na mia mbili.
Seva ikahema kama punda wa maji anayepanda Mlimwa.
Saa moja kasorobo ikalala chini.

Nikaweka jibu karibu.
Sijui nimwambieje asiyeandika programu:
ni ile ndoo ya mama pale mlangoni, ina kifuniko,
kata imelala juu yake.
Mgeni akiomba maji, hatumwi mtu bombani.

Mistari tisa tu. Jibu likae kwenye kumbukumbu saa nzima,
atakayeuliza apewe hilohilo,
daftari kuu liachwe lilale.
Basi ikakimbia! Jibu lilifika
kabla kidole hakijaacha kioo.
Bwana Chiwanga, bosi wangu, akaninunulia chipsi mayai,
tukazila juu ya kibodi,
mafuta mpaka leo yako kwenye herufi Z.

Siku ya nne alipiga Tabitha Ndahani wa Mbabala.
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
"Saa mbili na robo niliuliza, mwanangu,
simu yako ikasema elfu moja na mia mbili.
Mwenye fuso naye akasema hiyohiyo.
Nikampa kreti kumi na tisa.
Saa tatu jirani yangu anauliza, anaambiwa elfu moja na mia sita.
Kati yenu nani alikuwa ananidanganya?"

Hakuna, mama.
Bei ilipanda saa mbili na dakika tano. Daftari lilijua.
Ila hakuna aliyeliuliza.
Ndoo ilikuwa imejaa, maji ya baridi, safi kwa macho,
na yalikuwa ya jana.

Kreti moja kilo ishirini.
Laki moja na elfu hamsini na mbili.
Nilizidisha kwa kalamu, sikutaka mashine inisaidie.

Usiku ule nikarekebisha. Bei ikiguswa daftarini,
jibu la zamani lifutwe hapohapo.
Likikaa sana, likae dakika moja.
Na kando ya kila bei, saa iliyochotwa.
Mambo mepesi. Mepesi kiasi cha kutia aibu.

Jumapili nikaenda Mbabala na bahasha mfukoni.
Mbukwa, nikasema. Mbukwa, akasema.
Habari za hapa? Nzuri.
Za mizabibu? Nzuri.
Za watoto? Nzuri.
Tatu, bila kuvuta pumzi, zote kutoka karibu,
kama tunavyojibu sote, hata msibani,
hata jino likiwa linapwita,
maana nani ataingia hadi chumba cha ndani
akafungue sanduku
kwa ajili ya kila apitaye njiani?

Nikakaa juu ya kreti tupu.
La nne sikuuliza.
Upepo ulipita kwenye nyaya za mizabibu, ukarudi,
kuku akadonoa kamba ya kiatu changu.
Ndipo mikono yake ikaacha kupepeta,
macho yakaenda mbali, huko daftari linakokaa,
akasema, "Ila..."

Nikasubiri.
Lilikuwa linatoka chini sana, polepole,
safu hadi safu.
Sikuliwekea kikomo.